Kumwachia Mpishi

Kuna neno la Kijapani ambalo mtu akiketi kwenye kaunta ya mkahawa mdogo wa sushi jijini Tokyo huweza kulitamka kabla hata hajaona samaki: omakase. Maana yake ni "nakuachia wewe". Akishalisema, hapekui menyu wala hateui hiki na kukataa kile. Mpishi amesimama mbele yake, karibu kiasi cha kunyoosha mkono, na njaa yake sasa iko mikononi mwa mtu mwingine. Kiswahili kina neno lililo jirani nalo, ingawa hatulitumii sana mezani: amana. Mali huwekwa amana, siri huwekwa amana, hata mtoto wa ndugu. Lakini tumbo? Tena kwa mtu ambaye pengine ndiyo kwanza unamwona?

Kaunta iliyovuma kuliko zote iko Ginza, chini ya ardhi, katika jengo la ofisi lililo jirani na kituo cha treni. Ni Sukiyabashi Jiro, yenye viti kumi. Mwenyewe, Jiro Ono, alizaliwa mwaka 1925. Mwongozo wa Michelin ulipotoa toleo lake la kwanza la Tokyo, mwaka 2007, uliupa mkahawa huo nyota tatu, daraja ambalo juu yake hakuna jingine. Mfanyabiashara wa kawaida angevunja ukuta wa jirani wiki hiyohiyo. Mwana mdogo wa Jiro alikuwa na mkahawa wake mtaa wa Roppongi, hilo ni kweli, ila kaunta ya Ginza ilibaki na viti vyake kumi. Naona hesabu hapo haikuwa ya fedha. Ilikuwa hesabu ya macho: mpishi mmoja anaweza kuwatazama watu wangapi kwa wakati mmoja, kuwatazama kwelikweli, bila yeyote kati yao kugeuka kuwa idadi tu?

Katika filamu ya David Gelb kumhusu Jiro, iliyotoka mwaka 2011, mzee huyu anaeleza kwamba mteja akiwa wa mashoto, yeye huligundua hilo na kuiweka sushi inayofuata upande unaomfaa. Hamuulizi, wala hamtangazi mbele ya wenzake. Wanawake huwatengenezea matonge madogo kidogo, ili wote waliokaa pamoja wamalize pamoja. (Hili la pili linaweza kuzua ubishi, na mwanamke mwenye njaa ana haki ya kuuanzisha.) Wengi wetu tuliopigwa kofi la kiganja utotoni kwa kunyoosha mkono wa kushoto kwenye sinia tutasimama kwenye hilo la kwanza kwa muda. Kumbe adabu ya mezani inaweza kutokea upande wa pili, mlishaji akajipanga upya kwa ajili ya mlaji. Kuhudumiwa kwa haraka tumekuzoea, na kuhudumiwa kwa tabasamu pia. Kuonwa bila kuulizwa ni kitu kingine, na sijui kama kinafundishika.

Pengine kinafundishika, ila polepole. Mwanagenzi katika mkahawa ule haanzi na kisu. Anaanza na taulo: kuzikamua kwa mikono zikiwa moto wa kuunguza, ili mgeni apate kunawia. Baadaye ndipo hugusa samaki. Kukaanga yai la kuandamana na sushi kunakuja baada ya miaka kama kumi. Mwanagenzi mmoja, Daisuke Nakazawa, anasimulia kwenye filamu kwamba alitengeneza mayai zaidi ya mia mbili na yote yakakataliwa. Siku lilipokubaliwa moja na akaitwa fundi, alilia. Na kuna pweza. Pwani yetu pweza hupigwa mpaka alainike, na kazi imekwisha. Kwa Jiro hukandwa kwa mikono dakika 40 hadi 50, na mkandaji ni kijana ambaye mgeni hatalijua jina lake. Mgeni anapomwambia mpishi "nakuachia", anaiachia pia mikono hiyo ya nyuma ya pazia, nayo haijui ni nani atakayekula.

Amana nzito namna hii ina anayeilipia. Jiro mwenyewe anakiri kwamba alikuwa akitoka nyumbani alfajiri na kurudi usiku, hata Jumapili moja alipolala hadi kukapambazuka, mwanawe alimwambia mama yake kuna mtu asiyemjua amelala ndani. Watazamaji hucheka hapo. Mimi nilicheka pia, kisha nikanyamaza. Mtu aliyeweza kusoma mkono wa mgeni kwa mtazamo mmoja alikuwa mgeni kwa mtoto wake.

Halafu mlango wenyewe umezidi kuwa mwembamba. Mwaka 2019 Michelin iliuondoa mkahawa huo katika mwongozo wake. Ubora haukuwa umeshuka. Ila mtu wa kawaida hakuweza tena kuweka nafasi mwenyewe. Kyoto nako ziko nyumba za chakula zenye desturi ya zamani ya kutompokea mgeni wa mara ya kwanza asiyeletwa na mtu anayejulikana. Unaweza kuiita majivuno. Unaweza pia kusema kwamba anayepokea amana ana haki ya kumjua anayeiweka. Ninachokumbuka ni kwamba sushi ya namna hii ilikulia mitaani Edo, Tokyo ya leo, katika karne ya 19, ikiuzwa vibandani kwa watu wenye haraka, wakila kwa mkono wamesimama. Aliyebeba mzigo alikula, akalipa, akaenda zake, bila kutakiwa kuletwa na mtu.

Mlo wa Ginza hauchukui muda mrefu. Matonge kama ishirini huweza kwisha katika nusu saa. Bakshishi hairuhusiwi na desturi. Kinachobaki kusemwa ni gochisosama, shukrani ya mwisho wa mlo, ambayo ndani yake mna herufi zenye maana ya kukimbia huku na huko, mbio za kutafuta vya kumlisha mgeni. Mgeni husema hivyo, huinamisha kichwa, hupanda ngazi kurudi barabarani. Kule chini, kijana anaweka maji motoni kwa ajili ya taulo za wageni wengine.