Utulivu wa Mgeni

Methali ya Kiswahili hunena kwamba mkataa kwao ni mtumwa. Neno hili ni kali, na kwa watu wengi ukali wake umetosha kuwa hoja. Kijana akiondoka, au mzee akichelewa kurudi, huelekezewa methali hii kama kidole. Lakini mtumwa ni mtu asiye na hiari, na yule aendaye kukaa ugenini baada ya kumaliza kazi ya maisha yake huenda kwa hiari pengine kuliko alivyopata kutenda jambo lolote. Ujanani alipangiwa darasa, kazini alipangiwa kituo, hata jina alipewa na wengine. Anapofika uzeeni ndipo nafsi yake humwuliza kwa mara ya kwanza: wapi? Aliyeitunga methali hakulifikiria swali hilo, kwa kuwa katika zama zake wachache waliishi mpaka wakaulizwa.

Swali lenyewe ni hili. Je, mtu aliyetumika mpaka akazeeka ana haki ya kutafuta utulivu katika nchi isiyo yake, akawaacha wale wenye madai juu yake, akakaa kati ya watu wasiomdai kitu?

Duniani leo haki hiyo ina bei inayojulikana. Wazee wengi wa Uingereza, Ujerumani, Marekani na Australia wamehamia Thailand. Baadhi yao huikimbia miji na kujenga maisha katika vijiji vya mpunga vya Isan, upande wa kaskazini mashariki, aghalabu katika kijiji cha mke. Serikali ya nchi ile humpa mstaafu ruhusa ya kukaa akiwa ametimiza miaka 50, naye aonyeshe baht 800,000 katika benki au mapato ya baht 65,000 kila mwezi. Kila baada ya siku 90 hutakiwa kuarifu mahali anapokaa. Ardhi haruhusiwi kuimiliki. Mtu ambaye pensheni yake ingempatia chumba cha baridi katika kitongoji cha London hupata kule nyumba, bustani, chakula chema na majirani wapole. Si jambo la kudharauliwa. Hata hivyo masharti yake yana maana zaidi ya fedha: mgeni aweza kukaa, kula na kulipa, lakini udongo si wake, na mara nne kwa mwaka hukumbushwa hivyo kwa karatasi.

Mkazi wa Tunduma hana haja ya kuvuka bahari ili alipime jambo hili, maana ugenini kwake ni ng'ambo ya barabara. Mpaka unaopita pale ulikubaliwa na Waingereza na Wajerumani katika mapatano ya tarehe 1 Julai 1890, na mwaka 1898 wapimaji wa pande mbili wakaufuata juu ya nchi kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Wanyamwanga hawakuulizwa. Wakajikuta nusu yao Tunduma na Momba, nusu nyingine Nakonde na Isoka, na majina yao, yale ya Si- kwa wanaume na Na- kwa wanawake, yakaendelea kuitwa pande zote mbili kana kwamba hakuna kilichotokea. Tangu mwaka 2019 nchi hizi mbili zina kituo cha pamoja cha mpakani, ambako msururu wa malori yaendayo Lubumbashi na Lusaka hungoja mihuri. Mzee aliyejenga Nakonde husikia jogoo wa Tunduma alfajiri. Kwa sheria, yuko nje ya nchi.

Tena sheria humbana katika jambo ambalo ukoo haumbani. Zambia, kwa mabadiliko ya katiba ya mwaka 2016, huruhusu raia wake kuwa na uraia wa nchi ya pili. Tanzania hairuhusu kwa mtu mzima. Na Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 humnyima asiye raia haki ya kumiliki ardhi, isipokuwa kwa shughuli za uwekezaji. Kwa hiyo mtu wa mpakani anayetaka kuzeeka ng'ambo hukutana na sharti linalofanana na lile la mstaafu wa Isan, ingawa anayemkaribisha ni mtoto wa shangazi yake. Umbali ukiondolewa namna hii, swali hubaki uchi. Haliwezi tena kufunikwa kwa habari za hali ya hewa, bei ya vyakula na urefu wa safari.

Nchi hii ya Songwe, iliyofanywa mkoa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya, imekwisha kutoa jibu moja kwa miguu ya watu wake. Migodi ya Ukanda wa Shaba katika Rhodesia ya Kaskazini ilipoanza kutoa shaba kwa wingi katika miaka ya mwanzo ya 1930, Luanshya, Nkana na Mufulira, vijana wa nyanda hizi waliifuata. Baadaye ikaja reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilometa 1,860, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ikawapeleka wengine Mpika na Kapiri Mposhi. Nyumba za migodini zilikuwa mali ya mgodi. Kazi ikiisha, nyumba nayo iliondoka, na mtu aliyekaa miaka thelathini mahali pamoja aliambiwa arudi kwao. James Ferguson, mwanaanthropolojia Mmarekani aliyefanya utafiti Kitwe katika miaka ya 1980, wakati bei ya shaba ilipokuwa imewaangusha wengi, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1999 jinsi wafanyakazi hao walivyoingoja siku ya kurudi. Wale waliokuwa wakitembelea vijiji vyao, wakipeleka zawadi na kupokea wageni, waliweza kurudi. Waliokuwa wameviacha waliiogopa siku hiyo.

Hofu yao inafaa kutazamwa vizuri, maana inaigeuza methali. Mtu aliyekatwa mawasiliano na kijiji chake kwa miaka thelathini hukitazama kama yule Mwingereza anavyokitazama kijiji cha Isan: mahali rahisi pa kukaa, penye hewa safi, ambapo fedha kidogo hufika mbali. Huja na kiinua mgongo chake na matumaini ya kupumzika. Hajui nani alimzika nani. Hajui ni shamba gani lililopoteza mpaka wake, wala ni ugomvi gani ulikwisha na kwa maneno gani. Amerudi kwao, naye ni mgeni mwenye kitambulisho cha mwenyeji. Kumbe basi kwao na ugenini havitenganishwi na jiwe la mpaka, na mtu aweza kustaafu nje ya nchi bila kutoka katika wilaya ya Momba.

Hapa inafaa kumsikiliza mtetezi wa yule anayekimbia, kwa sababu ana hoja nzito kuliko inavyokubaliwa na wazee wa ukoo. Mwalimu aliyefundisha mpaka umri wa lazima wa miaka 60 hupokea mafao yake, na habari hutangulia kufika kijijini kabla yake. Huyu ana ada ya mtoto, yule ana mgonjwa, wa tatu ana wazo la biashara ya mahindi. Mwaka haujaisha, kile kilichoitwa kiinua mgongo kimeacha mgongo umeinama kuliko mwanzo. Mtu wa namna hii akitamani kukaa mahali ambapo hakuna anayemjua, nani atamlaumu? Amekwisha toa. Ukoo unaomwona mzee wake kama mfuko umeanza wenyewe kumfukuza, na hauna haki ya kushangaa akiondoka.

Hoja hiyo ni ya kweli, lakini haimfikishi anapotaka kwenda. Mgeni mwenye fedha katika kijiji maskini ni mfuko pia. Habari za Isan zimejaa wakwe wenye paa linalovuja na shemeji mwenye deni la trekta. Anayekimbia madai huyakuta yamemtangulia, yamevaa nguo nyingine. Tofauti iko katika jambo moja ambalo wasifu wa maisha ya utulivu huliruka. Kwao, mzee aweza kukataa. Aweza kusema kwamba alimsomesha kaka wa huyu, kwamba baba wa yule alimdhulumu ng'ombe, kwamba zamu yake imepita. Aweza kukasirika mbele ya watu, akasuluhishwa, akakasirika tena. Ugenini hana kumbukumbu ya kushindania, mara nyingi hana hata lugha ya kushindania. Hutoa kwa tabasamu au huondoka. Utulivu anaousifu katika barua zake ni kimya cha mtu asiye na haki ya kugombana.

Waswahili wameligusa jambo hili kwa methali mbili zinazoonekana kupingana. Moja humwita mgeni aje ili mwenyeji apone. Nyingine humpa siku mbili, na siku ya tatu humpa jembe. Jembe hili husemwa kwa mzaha kama adhabu ya mgeni mvivu. Kwa kweli ni heshima. Aliyepewa jembe amepewa mahali pa kukosea: palizi yake itakosolewa, mstari wake utaitwa mpotovu, na mavuno yakija atakuwa na neno. Asiyepewa jembe mpaka mwezi wa sita bado ni mgeni wa kitandani, hata akiheshimiwa namna gani.

Wanyakyusa, jirani wa Wandali wa Ileje, walikuwa na namna yao ya kustaafu, ambayo Monica Wilson aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1951. Katika sherehe ya ubusoka wazee waliwakabidhi wana wao utawala na ardhi, nao wakasogea pembeni. Walisogea, hawakuhama. Madaraka yaliondoka mikononi mwao, lakini masikio yao yalibaki karibu, na kijana aliyeharibu alijua anatazamwa. Pengine vijana hawakuupenda utaratibu huo kila siku. Hata hivyo ulimpa mzee kitu ambacho pensheni haijui kukipa: kupumzika bila kutoweka.

Isisemwe kwamba mzaliwa wa mbali hawezi kukipata. Stewart Gore-Browne, Mwingereza, alijenga jumba lake Shiwa Ng'andu, kusini magharibi ya Isoka, kuanzia mwaka 1920. Alikuwa bwana mkubwa juu ya ardhi kubwa, na hakuna sababu ya kumpamba. Lakini aliingia katika mabishano ya nchi ile mpaka akasimama upande wa Kenneth Kaunda, na alipokufa mwaka 1967 taifa jipya lilimzika kwa heshima. Hakufa akiwa na utulivu mwingi. Mwalimu Nyerere naye, alipoacha urais mwaka 1985 na kurudi Butiama, alilima, lakini akaendelea kusumbuliwa na kusumbua. Mpaka mwaka wa kifo chake, 1999, alikuwa msuluhishi wa mazungumzo ya Burundi. Mmoja alizeekea ugenini na mwingine kwao, na wote wawili walikuwa na watu wa kubishana nao.

Basi haki ya kwenda ipo, na anayeikana anataka kumfunga mtu kwa kitovu chake. Ambacho hakipo ni haki ya kuitumia nchi ya wengine kama kivuli tu: kulala chini ya mti bila kuuliza nani aliupanda na nani huufagilia majani. Anayekwenda kuzeeka ugenini, Isan au Nakonde, ana kazi moja iliyobaki, nayo ni ngumu kuliko zile alizolipwa. Hana budi kujitia katika madeni ya mahali pale mpaka awe mtu wa kudaiwa na wa kudai.

Mbozi kuna wastaafu wengi waliozaliwa mikoa mingine, wakaletwa na kazi za serikali, wakabaki Vwawa na Mlowo. Mtu wa namna hii hununua kiekari kijijini na kupanda mibuni katika umri wa miaka sitini, mti ambao humchukua miaka mitatu au minne kabla ya kumpa debe la kwanza. Siku moja jirani husogeza mpaka kwa hatua mbili. Wanaitwa mbele ya Baraza la Ardhi la Kijiji, wajumbe saba, ambao watatu kati yao sharti wawe wanawake. Jirani humwita mtu wa kuja, tena kwa sauti. Mzee naye hupandisha sauti, kwa Kinyiha kibovu ambacho huwachekesha wajumbe, akautaja mwaka aliopanda na jina la marehemu aliyemwonyesha mipaka. Baraza humrudishia hatua moja, nyingine hubaki kwa jirani. Hurudi nyumbani amekasirika, hali chakula cha mchana. Jioni jirani yuleyule hupita mlangoni kumwambia kwamba kuna msiba upande wa mtoni, nao huchukua majembe wakaenda kuchimba kaburi.