Kufanana kwa Sura na Kufanana kwa Damu

Kijana wa Kabambare akitaka kuoa, wazee humwuliza: Binti huyo ni wa nani? Ni wa ukoo gani? Lakini macho ya kijana yamekwisha kuchagua kabla ya maswali hayo, na mara nyingi huchagua kinachofanana na mwenyewe. Mrefu humpenda mrefu, maji ya kunde humtaka wa rangi yake, na siku ya arusi watu hucheka wakisema, «Hawa ni kama kaka na dada.»

Je, kuna ubaya? Kwa urefu na rangi, hakuna. Mwaka 1918 mtaalamu Mwingereza Ronald Fisher alionyesha kwa hesabu kwamba warefu wakioana na warefu, na wafupi na wafupi, tofauti kati ya jamaa na jamaa huongezeka, basi. Tena huku Kasongo sura haisemi mengi juu ya asili: mji wa kale wa Tippu Tip, uliotwaliwa na majeshi ya Mfalme Leopold mwaka 1893, ulikusanya watu wa Pwani pamoja na makabila mengi ya Maniema, nao wakaoana.

Kufanana kwa kuogopwa ni kule kusikoonekana. Watoto wa ndugu wawili hushiriki sehemu moja katika nane ya urithi wao. Kanisa haliwafungishi ndoa bila ruhusa ya pekee. Majirani zetu Waislamu huwaruhusu. Koo nyingi za mababu zilikataza hata walio mbali zaidi. Lakini hata wasio ndugu kabisa waweza kufanana ndani ya damu.

Mfano ni selimundu, ugonjwa ambao wengi Kongo huuita SS. Mwenye AS amerithi alama yake kwa mzazi mmoja tu. Ni mzima, analima na kucheza kama wengine, na hakuna jicho liwezalo kumtambua. Tena mwaka 1954 mganga Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba alama hiyo humkinga mtu na malaria kali. Kwa hiyo imeenea sana katika nchi zetu za mbu. Wawili wenye AS wakioana, kila mimba ina hatari moja katika nne ya kuzaa mtoto wa SS, mwenye kuishiwa damu na kulia usiku kwa maumivu ya mifupa.

Basi, yafaa kupima damu kabla ya posa? Wengine husema upendo unaodai cheti si upendo. Mimi sikubali. Kumficha mchumba jambo litakalomwumiza mtoto wenu ni kumnyima haki yake ya kuamua. Lakini wapimwe wote wawili, mapema, mahari isijapokelewa. Si binti peke yake, kama wafanyavyo baadhi ya wazee, halafu habari zake zikatangazwa sokoni. Mwenye AS hana kosa lolote.

Na wakijua, wakapendana vivyo hivyo? Kanisa haliwazuii. Ila wafahamu hesabu sawasawa, maana wengi hukosea hapa: mtoto wa kwanza akizaliwa na SS, hiyo si ahadi kwamba watatu wanaofuata watakuwa wazima. Kila mimba huanza upya, moja katika nne, hata ya kumi.