Juu ya Mtu Aachaye Mshahara



Ndugu mmoja wa Isongole, kule Ileje, ametuletea swali ambalo hatukuthubutu kulijibu upesi. Yeye ni karani wa miaka mingi katika kampuni ya kupitisha mizigo huko Tunduma. Kila mwisho wa mwezi mshahara wake huja, nao umewasomesha watoto wake watatu. Sasa ataka kuiacha kazi hiyo, arudi kwao, afungue ofisi ndogo na kuwa mshauri wa wafanya biashara wavukao kwenda Malawi na kurudi. Hataki kupitisha mizigo yao, maana hiyo ni kazi ya mawakala wenye leseni; ataka kuwaeleza mambo kabla hawajafunga mzigo. Auliza: Kuiacha riziki iliyo mkononi, je, ni imani, ama ni kumjaribu Mungu?

Waijuao Isongole hawatasema kwamba haja haipo. Barabara ya lami kutoka Mpemba imefika huko, na magari ya mizigo yafika mpakani. Walambya wakaa pande zote mbili za mpaka, hata mtu aweza kuwa na shangazi yake ng'ambo. Lakini undugu haumwondolei mtu karatasi za forodha. Malawi haimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ila imo pamoja na Tanzania katika SADC. Kwa hiyo bidhaa iliyotoka kweli katika nchi hizi yaweza kupata nafuu ya ushuru ikiwa na cheti cha uasili, na isipokuwa nacho nafuu hiyo huikosa. Mazao yataka na cheti cha afya ya mimea. Tena amri hubadilika. Mwezi wa Aprili 2025 Tanzania ilizuia mazao ya shamba kutoka Malawi na Afrika Kusini, kwa kuwa nchi hizo zilikuwa zimezuia baadhi ya mazao yetu. Na siku chache baadaye katazo likaondolewa. Mama mwenye magunia yake ataambiwa na nani habari kama hizi? Mara nyingi huambiwa na kijana asimamaye njiani, naye kijana hajui, ila ajua kuomba fedha.

Basi kazi yenyewe ni njema. Lakini swali la ndugu yetu halikuwa juu ya kazi, lilikuwa juu ya kuacha.

Wengi hukimbilia habari za Mathayo, aliyekuwa ameketi mahali pa kutoza ushuru, akaitwa, akaondoka (Mt. 9:9). Kwa watu wa mpakani mfano huu si wa mbali. Lakini tusisome ukurasa mmoja na kufunga kitabu. Watoza ushuru walimwendea Yohana Mbatizaji wakamwuliza wafanye nini, naye hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia wasitoze kupita walivyoamriwa (Luka 3:12-13). Zakayo naye alirudisha mara nne alichonyang'anya, na hatusomi popote kwamba aliagizwa kuiacha kazi yake (Luka 19:8). Mmoja aliitwa atoke, wengine walionywa mahali pale pale walipokuwa. Kwa hiyo asiwepo mtu wa kusema kwamba kuacha mshahara ni utakatifu, wala kwamba kubaki ni uoga.

Hapa Luther mwenyewe ni mwalimu wetu, tena kwa kosa lake. Mwaka 1505 alikuwa akisoma sheria katika Erfurt, na Hans baba yake, mtu wa kazi ya shaba, alitumaini kumwona mwanawe mwanasheria. Mwezi wa Julai radi ilimtisha njiani karibu na Stotternheim, akaweka nadhiri ya kuwa mtawa, na siku chache baadaye akaingia katika nyumba ya watawa. Baba hakuulizwa, naye alikasirika sana. Luther alidhani ametoka katika kazi ya dunia na kuingia katika kazi ya Mungu. Ilipita miaka 16, hata Novemba 1521, ndipo alipomwandikia baba yake barua katika kitabu chake juu ya nadhiri za watawa, akikiri kwamba nadhiri ile aliiweka pasipo ridhaa ya baba. Mtu aliyewafundisha Wakristo kwamba mshona viatu naye ana wito wake alijifunza neno hilo baada ya kukimbia bila kuaga.

Kwa hiyo tulimwuliza ndugu yetu, Je, mkeo asemaje? Akanyamaza. Tukamwuliza tena, Wataka kuondoka kwa sababu watu wa Isongole wakuhitaji, ama kwa sababu mkubwa wako alikukaripia mbele ya wenzako? Akacheka kidogo, akasema kwamba yote mawili yamo. Jibu hilo lilitupendeza, maana ni la kweli.

Ila kuna jambo moja tunaloliogopa kuliko njaa. Mahindi hupimwa kwa mizani, na nguo hupimwa kwa futi, shauri halipimwi. Anunuaye shauri hutoa fedha kabla ya kujua kama limemfaa, naye mwuzaji aweza kulirefusha, kulitia giza, na kumfanya mtu arudi tena na tena kwa neno lililoweza kumalizika kwa siku moja. Tena mpakani shauri lenye bei kubwa kuliko yote ni lile la njia za panya. Atakuja mtu usiku na bahasha nene, wala hataki kujua cheti kinapatikana wapi; ataka kujua ni saa ngapi hakuna mlinzi. Na huyo ndiye atakayekuja mwezi ule ule ambao kodi ya chumba haijalipwa. Aliye na mshahara aweza kumfukuza bila kupoteza kitu. Je, asiye na mshahara ataweza? Hilo ndugu yetu na alipime sasa, wakati tumbo limeshiba.

Paulo alishona hema pamoja na Akila na Prisila katika Korintho (Mdo. 18:3), asiwalemee watu. Vivyo hivyo tulimshauri ndugu yetu asitupe jembe: shamba la kahawa alilo nalo Ileje na lilimwe hata ofisi itakaposimama. Aandikishe jina la biashara yake, apate namba ya mlipa kodi na leseni ya halmashauri. Asichukue daftari la majina ya wateja wa kampuni, hata kama aliliandika kwa mkono wake mwenyewe. Na kwa kuwa alipwa kwa mwezi, sheria ya kazi ya mwaka 2004 yataka atoe taarifa isiyopungua siku 28. Asitoweke kama Luther.

Barua ya kuacha kazi amekwisha iandika, nayo imo mfukoni mwake. Alituahidi kwamba hataipeleka Tunduma kabla ya kumsomea mkewe.