Haki ya Mteja Asiyerudi

Msomaji kijana, ukijaliwa kufika Mombasa, nenda asubuhi katika soko la Marikiti, lililo kando ya Barabara ya Digo. Utalakiwa na harufu ya iliki, mdalasini na bizari. Ukivuka kuingia Mtaa wa Biashara, utaona maduka ya kanga ambayo babu alimwachia baba, na baba akamwachia mwana. Moja lao, linalojulikana kwa kanga za Mali ya Abdulla, lilianza mwaka 1887. Na huko kote hukosi vitamu: halua ya sukari, wanga na samli, mabuyu mekundu, kashata za nazi, na kaimati zilizochovywa katika shira.

Katika mitaa hii hupita wateja wa namna mbili. Jirani hununua leo, na kesho hurudi. Mgeni hununua mara moja, akapanda basi, asionekane tena. Swali langu ni hili: mwenye kushika mizani anawiwa nini na yule asiyerudi?

Wako watakaojibu kwamba sheria yatosha. Ni kweli kwamba katika Kenya mizani ya biashara hapana budi ikaguliwe na kupigwa muhuri na wakaguzi wa serikali. Lakini mkaguzi haketi dukani mwaka mzima, na muhuri hauwezi kuuzuia mkono.

Wengine watasema kwamba jina la nyumba ndilo mlinzi. Hili lina nguvu zaidi. Duka la urithi likimpunja jirani leo, kesho mtaa wote utajua. Kwa sababu hiyo mama humtuma mtoto mdogo dukani bila wasiwasi. Hata hivyo, Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Kijerumani, katika kitabu alichokitoa mwaka 1785, alitoa mfano wa mwenye duka anayemwuzia mtoto kwa bei ile ile ya watu wazima. Alisema kwamba tendo hilo ni la haki, lakini halitoshi kutuonyesha kama mtu yule anapenda haki au anapenda faida yake tu. Maadamu haki na faida zinakwenda njia moja, nani atajua ni ipi inayofuatwa? Zitakapoachana ndipo tutakapojua. Na aghalabu huachana siku anapokuja mgeni.

Jambo hili sikujifunza kitabuni. Nilipokuwa na umri wa miaka kumi hivi, nilikuwa nikimsaidia shangazi yangu kuuza kashata kando ya njia. Siku moja msafiri mwenye haraka ya basi alinipa noti. Nilimrudishia chenji pungufu kwa shilingi kumi, nami nilijua. Jioni shangazi alipohesabu fedha, zilizidi. Aliponiuliza, nilikiri. Hakunipiga. Alisema tu, "Ungalimpunja jirani, kesho ningalimwongezea kashata yakaisha. Huyu nitamlipa wapi, mwanangu?"

Aliifunga sarafu ile katika pindo la kanga yake. Kwa majuma mengi, kila basi lilipofika, aliinua macho kuwatazama wateremkao. Yule mtu hakuja. Mwisho shangazi alimpa maskini fedha ile, lakini alinionya nisidhani kwamba deni limelipwa, kwani sadaka ya mali ya mwingine si malipo kwake.

Yamkini utasema, shilingi kumi ni kitu gani? Kumbuka kwamba haba na haba hujaza kibaba. Na kibaba hupunguzwa vivyo hivyo. Tena, jirani aliyedhulumiwa aweza kulalamika, nawe waweza kumrudishia. Mgeni hana wa kumlilia, wala wewe huna njia ya kumfuata. Kwa hiyo naona kwamba kumpunja mgeni si kosa jepesi kuliko kumpunja jirani, bali ni zito zaidi, kwa kuwa halina dawa. Wala si ajabu kwamba sura ya 83 ya Kurani Tukufu yaitwa kwa jina la wapunjao, na kwamba sura ya 11 ya kitabu cha Mithali huanza kwa kukemea mizani ya hila. Dini zote mbili zilimfikiria mtu ambaye hana shahidi.

Huenda wewe usiuze halua wala kashata maishani mwako. Lakini utashika mizani ya namna nyingine: utampimia dawa mgonjwa asiyejua kusoma, au utamwandikia hati mzee aliyetoka mbali, ambaye hutamwona tena. Siku hiyo sheria itakuwa mbali, na jina lako halitakuwa hatarini. Mtetezi wa mtu huyo atakuwa mkono wako peke yake. Uzoeze mkono huo sasa, kwa mambo madogo, ungali kijana.