Paka Mgeni Nyumbani mwa Mbwa

Ndugu wasomaji, katika Sura Al-An'am, aya ya 39, Mwenyezi Mungu ametufahamisha kwamba wanyama watembeao ardhini na ndege warukao kwa mabawa yao ni umati mfano wetu. Basi mtu amwingizaye mnyama nyumbani mwake amepokea amana, naye ataulizwa juu yake.

Katika mkoa wa Simiyu, tangu Bariadi na Itilima hata Meatu, si rahisi kuuona mji wa mfugaji usio na mbwa. Mbwa hulinda ng'ombe usiku, na Mtume Mtukufu (s.a.w.) ameruhusu mbwa wa kulinda mifugo na mashamba, na wa kuwindia. Paka naye hulinda mahindi, mtama na michembe visiliwe na panya. Kila mmoja ana kazi yake. Ugomvi huzuka wanapokutanishwa kwa pupa.

Ndugu mmoja wa pande hizo alinisimulia kwamba aliokota paka aliyetupwa sokoni, akamtua uani mbele ya mbwa wake wawili, akisema, "Watazoeana wenyewe." Mbwa walimrukia, paka akapanda juu ya paa, akashinda huko kwa njaa mpaka siku ya pili.

Mama yake mzee alimkanya. Paka akatiwa ghalani peke yake kwa siku kadhaa, akapewa maji na chakula. Gunia alilolalia likapelekwa kwa mbwa wainuse harufu yake, na la mbwa likaletwa kwake. Kisha wakalishwa huku na huku ya mlango uliofungwa. Walipoonana, mbwa walikuwa wamefungwa kamba, na paka aliachiwa mahali pa juu pa kukimbilia. Wala mbwa hawakupunguziwa chakula wala kupigwa kwa ajili ya mgeni, wasije wakamchukia. Bwana mifugo akawachanja wote dhidi ya kichaa cha mbwa, maana ugonjwa huo humpata paka pia, na humwua binadamu. Baada ya majuma mengi wakawa wanalala ua mmoja.

Aliponisimulia hayo nilimsifu. Lakini yeye aliinamisha kichwa, akasema: "Sheikh, mwezi ule ule nilimleta mpwa wangu, yatima wa marehemu dada yangu. Wanangu walimcheka kwa maneno yake, wakamnyang'anya mahali pa kulala. Nikasema, watazoeana wenyewe. Paka nilimshusha juu ya paa. Mtoto nimemwacha huko."

Ndugu zangu, ni wangapi miongoni mwetu wenye mtoto aliye juu ya paa? Twahesabu thawabu ya kumpokea yatima, hali hatukumwandalia mahali, wala hatukuwafundisha watoto wetu kumpokea. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji hawezi kupona kwa mgeni aliyemwachia wenye nguvu wamtafune.

Mtume Mtukufu (s.a.w.) alieleza habari za mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia bila ya kumlisha wala kumwacha ajitafutie. Tena alieleza habari za mtu aliyeshuka kisimani, akajaza maji kiatu chake, akamnywesha mbwa mwenye kiu, Mungu akamghufiria. Na Seyidna Ahmad, Masihi Aliyeahidiwa (a.s.), alipomwona mwanawe mdogo, ambaye baadaye alikuwa Khalifa wa Pili, akiwakamata shorewanda chumbani, alimkataza, akamfahamisha kuwa asiye na huruma hana imani.

Ikiwa paka ana haki hiyo, haki ya yatima ni kubwa kiasi gani! Ndugu yule alirudi kwake, akawaketisha wanawe pamoja na mpwa wake kwenye sahani moja, naye akala pamoja nao. Ndiyo mwanzo tu, wala haukuwa mwepesi. Lakini mlango umefunguliwa.

Mwenyezi Mungu atulainishie mioyo, na atujalie kuwapokea wanyonge kwa subira na kwa uadilifu. Amin.