Je, Mchagua Jembe si Mkulima?



Wazee wetu walinena, "Mchagua jembe si mkulima." Twalipenda neno hili, nasi twalitumia kuwakemea wavivu. Walakini imetupasa kuliuliza: Je, ni kweli sikuzote? Mkulima mwema naye huchagua jembe lake. Huligonga asikie mlio wa chuma, huutazama mpini kama umenyoka. Na mwenye jembe bovu, akilima vibaya na kusema, "Kosa ni la jembe," je, tumsifu kwa kuwa hakuchagua? Basi leo nataka tulipime neno hilo kwa chombo kingine, yaani gita la umeme. Kwa maana wako vijana wa kwaya katika Musoma, Bunda na Butiama wanaolitamani, na ndani ya tamaa hiyo mna swali lililo kubwa kuliko gita.

Nilimjua kijana mmoja wa upande wa Butiama, mpigaji wa kwaya, ambaye kwa miaka mingi alipiga gita la kuazima. Siku moja alikwenda Musoma, akaona gita zuri lenye jina la Fender kichwani, na mwenyewe alitaka kuliuza kwa shilingi 1,200,000. Akarudi nyumbani, akamwomba baba yake auze ng'ombe dume. Baba alikuwa na ng'ombe watatu tu, na wawili wao ndio waliowapa maziwa. Tena palikuwa na binti mdogo aliyengoja karo ya chuo cha ushonaji. Baba akanyamaza. Mama ndiye aliyesema, "Mwanangu, ng'ombe wa kuuza ni mmoja, nanyi ni wawili."

Kijana akatoka nje kwa uchungu. Hakuwa mtoto mbaya. Alitaka kuwaimbisha watu vizuri, na hilo ni jambo jema. Hapo ndipo ugumu ulipo, kwa maana tamaa mbaya twaijua upesi, bali tamaa iliyovaa nguo ya kazi njema yatuhadaa.

Kabla ya kuhukumu, na tujue kwanza chombo hiki ni kitu gani. Kwetu Mara vyombo vya nyuzi si vigeni. Wakurya wana litungu lenye nyuzi 8, bakuli la mti lililowambwa ngozi, na sauti yake hukuzwa na ngozi ile na uwazi ulio ndani. Gita la umeme kwa kawaida halina uwazi. Ni ubao mzito. Chini ya nyuzi zake 6 za chuma mna sumaku zilizozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, mizunguko elfu kadha, na wapigaji huita kitu hicho pikapu. Uzi utikisikapo juu ya sumaku, umeme mdogo huamka ndani ya waya, nao huenda kwenye amplifaya, hukuzwa, kisha hutoka katika spika kuwa sauti. Kanuni hiyo ni moja kwa gita la tajiri na kwa gita la maskini.

Tena mmojawapo wa watu waliolifanya gita hili lienee duniani, Leo Fender wa California, alikuwa fundi wa redio. Alifungua duka lake la kutengeneza redio mwaka 1938, wala yeye mwenyewe hakujua kupiga gita. Mwaka 1950 alianza kuuza gita la ubao mtupu, ambalo shingo yake imekazwa kwa skrubu 4 tu, hata ikiharibika yaweza kufunguliwa na kutiwa nyingine. Na tangu mwaka 1982 kampuni ya jina lake imeuza pia magita ya bei nafuu kwa jina la Squier. Maana yake ni hii: chombo hiki tangu mwanzo kilifanywa kiwe chenye kufunguliwa na kutengenezwa. Kukinunua kikiwa duni na kukitengeneza si kukidharau, bali ni kukitumia sawasawa na asili yake.

Basi kijana alipokosa ng'ombe alifikiri kukopa. Nami nilimkumbusha kitabu ambacho mtu wa kwao alikileta katika lugha yetu. Mwalimu Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922 na kuzikwa huko mwaka 1999, alifasiri mchezo wa Shakespeare, ukachapishwa mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi. Humo yumo Bassanio, ataka kumposa binti tajiri, walakini hana fedha za kuonekana sawa na wachumba wengine. Basi rafiki yake Antonio akopa kwa ajili yake, na kuweka rehani ratili ya nyama ya mwili wake. Angalia vema: anayetaka kuonekana ni mmoja, na nyama iliyowekwa rehani ni ya mwingine. Ndivyo ilivyo mara nyingi katika nyumba zetu. Fahari ni ya kaka, na nyama ni ya dada. Na katika mchezo uo huo wachumba huwekewa makasha matatu, la dhahabu, la fedha na la risasi, na picha ya binti imo katika lile la risasi.

Kijana akaenda kufanya kibarua katika mashamba ya pamba upande wa Bunda. Baada ya miezi minane alikuwa na shilingi 350,000, akanunua Musoma gita jipya la bei nafuu. Alipolipiga kwa mara ya kwanza aliona aibu. Lilivuma kama nyuki, nyuzi zilikaa juu mno hata vidole vikauma, na kabla wimbo haujaisha lilikuwa limepotoka sauti. Akaniambia, "Mwalimu, waliosema kitu rahisi mwisho huwa ghali, walisema kweli."

Alilipeleka kwa fundi wa redio huko Bunda. Fundi akatazama kwanza shingo kwa jicho moja, kama atazamavyo seremala ubao, akasema, "Shingo yako ni nzima. Ingekuwa imepinda kama nyoka nisingekusaidia. Yaliyobaki yote ni kazi." Akaona waya mmoja umeachana na daraja la nyuzi, akaulehemu, na mvumo ukapungua. Akakaza kidogo fito ya chuma iliyomo ndani ya shingo, akashusha nyuzi kwa skrubu ndogo za darajani. Kile kipande cha plastiki kilicho juu ya shingo, ambacho nyuzi hupita katika mifuo yake, kilikuwa kinazinasa. Akachonga kingine kwa mfupa wa ng'ombe uliotoka buchani. Malipo yake yalikuwa shilingi 15,000. Hivyo dume la baba halikuuzwa, na mfupa wa bure ulitosha.

Hapo ningeweza kumaliza, nanyi mngesema, "Hadithi njema, maskini na aridhike." Lakini mambo hayakuishia hapo. Kijana, akiisha kuonja utamu wa kutengeneza, alianza kutaka zaidi. Akaandika katika karatasi: pikapu mpya, 250,000, vigingi vya kukazia nyuzi, 120,000, daraja jipya, 150,000, shingo nyingine nzuri zaidi, 300,000. Nilijumlisha pamoja na bei ya kwanza, nikapata shilingi 1,170,000, yaani pungufu ya shilingi 30,000 tu kufikia lile gita alilolitamani Musoma. Tamaa iliyofukuzwa mlangoni ilikuwa imerudi kwa dirishani, tena kidogo kidogo, isionekane.

Basi mpaka uko wapi? Mvuvi wa Musoma hushona wavu wake kila ulipotatuka, na baada ya miaka huenda usibaki uzi hata mmoja wa kwanza. Hatumwiti mtu wa tamaa. Kwa nini? Kwa sababu tundu ndilo lililomwambia ashone. Samaki alipita hapo. Hakushona kwa kuwa wavu wa jirani una rangi nzuri.

Mzee mmoja mpiga litungu alimwuliza kijana neno hilo hilo kwa maneno machache: "Mjukuu wangu, ni sikio lililokutuma, au ni jicho?" Kijana alifikiri sana, akajibu kwa kweli. Vigingi, alisema, ni sikio. Kwa maana uzi wa tatu hulegea katikati ya wimbo, na kwaya yote hupotoka pamoja naye. Mengine ni jicho. Basi akangoja akapata fedha, akanunua vigingi peke yake. Gharama yote ikawa shilingi 485,000.

Sisemi kwamba gita lake sasa lalia kama lile la Fender. Halilii hivyo, na mwenye masikio atajua. Wala sisemi kwamba ni dhambi kutaka chombo bora. Watu humtaja Franco wa Kongo, ambaye utotoni gita lake la kwanza lilikuwa la kopo na nyaya za umeme, nao humtumia kuwanyamazisha vijana. Lakini Franco hakubaki na kopo. Alipopata gita la kweli alilishika, na mwaka 1956 akawa miongoni mwa walioanzisha bendi ya OK Jazz. Kopo lilimfundisha mkono. Halikuwa mwisho wa safari. Mtu anayeacha chombo chake kipotoke sauti, na kuwaudhi wasikilizaji, kisha akajisifu kuwa ni mnyenyekevu, huyo naye amekosa. Umaskini si udhuru wa uvivu.

Kwa hiyo nawapa ninyi wenye kwaya, na wazazi wenye vijana, maswali matatu. La kwanza: Je, kile kisichoweza kubadilishwa ni kizima? Katika gita duni shingo ni ghali kubadilisha, basi itazameni kwanza. Katika mambo mengine tafuteni shingo yake ni nini. La pili: Upungufu huu umeonekana kazini, au umeonekana kwa jirani? La tatu, nalo ndilo zito: Ni nyama ya nani iliyowekwa rehani? Ikiwa ni jasho lako, una uhuru. Ikiwa ni karo ya mdogo wako, au mchango wa wajane wa usharika, simama kwanza.

Nasi sasa twaweza kulirudia neno la wazee. Mchagua jembe si mkulima, ndiyo, ikiwa huchagua asubuhi hata jioni na shamba lina magugu. Lakini yeye atiaye mpini mpya kwa sababu ule wa kale umemchubua mkono katika kulima, huyo ni mkulima kweli.

Yule binti alikwenda chuoni. Mkanda ambao kaka yake huvaa begani apigapo gita ni kazi yake ya kwanza, na mshono wake umekwenda upogo kidogo. Kijana hataki kuubadilisha. Nilipomwuliza kama ni sikio au jicho, alicheka, asinijibu.