Mwendo wa Aliye Nyuma



Vijana wenzangu, fungueni Biblia, Mwanzo sura ya 33. Esau amekuja na watu 400, anamwambia Yakobo waende pamoja. Yakobo anakataa kwa heshima. Ana watoto wadogo na mifugo inayonyonyesha. Akiikimbiza hata siku moja tu, itakufa. Anamwomba kaka yake atangulie, yeye atafuata polepole, kwa mwendo wa mifugo na watoto. Hebu fikiria: mkuu wa msafara, anapangiwa mwendo na mtoto mdogo!

Sura hii niliielewa vizuri zaidi tulipofanya hija kwa baiskeli hapa Unguja. Tulikuwa vijana 14. Baada ya Misa ya asubuhi pale Minara Miwili, tukashika barabara ya Bububu kuelekea Mangapwani, zaidi ya kilomita 20. Wengine walikuwa na baiskeli za gia, wengine Phoenix ya babu. Kufika Mtoni, kundi limeshakatika vipande viwili.

Nyuma kabisa alikuwa kaka mmoja, jina nalihifadhi. Kazi yake ya hotelini ilikwisha wakati wa masika, na tangu hapo kwenye jumuiya alikuwa haonekani. Mnyororo wa baiskeli yake ukawa unaruka kila mara. Akasema, "Nyie tangulieni, mie nitakuja."

Tukawapigia simu wa mbele, wakarudi. Pale Bububu tukampata fundi. "Shikamoo mzee." "Marahaba wanangu." Akatoa pingili moja iliyolegea, akauliza safari ya wapi. Tukamwambia tunakwenda Mangapwani kusali. "Haya, na sie mtuombee," akasema, akapokea nusu tu ya pesa. Kutoka hapo yule kaka akawa wa mbele, sote nyuma yake. Tulichelewa sana. Kuna walionung'unika, nisiwadanganye.

Mangapwani kuna chumba kilichochongwa ndani ya jiwe la matumbawe. Humo watumwa walifichwa baada ya mkataba wa 1873 kupiga marufuku kuwasafirisha kwa bahari. Wengi wao walikuwa wametembea kutoka bara, wamefungwa mnyororo mmoja. Nikajiuliza: kwani na wao hawakutembea pamoja? Walitembea pamoja, tena kwa mwendo mmoja. Ila mwendo uliamriwa na mwenye fimbo, na aliyeishiwa nguvu aliachwa njiani. Basi kwenda pamoja peke yake hakutoshi. Swali ni hili: nani anapanga mwendo, na aliyechoka anafanyiwa nini?

Kule Ufaransa, Labastide-d'Armagnac, kuna kikanisa cha Mama Maria wa waendesha baiskeli, kilichoanzishwa na Padre Joseph Massie mwaka 1959. Ndani zimetundikwa jezi za mabingwa. Ni vizuri, hata ushindi unaweza kutolewa sadaka. Lakini Mchungaji Mwema hakuuliza nani kafika wa kwanza. Alihesabu kondoo, akakuta mmoja hayupo, akarudi kumtafuta.

Wapendwa, sisi Wakatoliki wa Unguja ni wachache. Hatuna mtu wa kupoteza. Na mtu anayesema "tangulieni" mara nyingi hajakuruhusu uende. Ana aibu tu. Kakosa kazi, kafeli mtihani, kapata mimba, kaona sala yake haijibiwi. Akiona hakuna aliyegeuka, anaamini hakuna aliyemhitaji.

Kwenye jumuiya yako nani kasema "tangulieni"? Wiki hii mfuate kwake. Usimpelekee mahubiri. Kaa, mnywe chai, msikilize, kisha Jumapili mpitie mwende wote, hata kama mtachelewa wimbo wa mwanzo.

Tusali: Ee Bwana Yesu, uliyetembea na wale wawili wa Emau huku wakienda njia ya kukata tamaa, tufundishe kupunguza mwendo. Amina.